Kopo la Kadi za Wastaafu

Kazi yangu ilikuwa kuingia chumbani.

Wanaume walivunja mlango wa mbele, wakabeba televisheni, mtungi wa gesi, baiskeli, na cherehani kama ipo. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyethubutu kuvuka pazia la chumba ambamo mtu analala na mke wake. Huku kwetu mwanaume akikutwa ndani ya chumba cha mwenzake, hata kama alikuja kudai, habari inageuka. Mdaiwa aliyekuwa amekaa kimya akitazama vitu vyake vinatoka ataamka na panga, majirani watakuwa upande wake, na polisi watamsikiliza yeye kwanza. Bosi alilijua hilo. Ndiyo maana akaniajiri mimi, msichana wa miaka ishirini na moja mwenye mabega ya kubeba magunia. Mwanamke akiingia chumbani ni kelele tu, hakuna damu. Hivyo ndivyo alivyoniambia.

Siku tuliyokwenda kwa Sajenti damu ilikuwepo.

Alikaa kata ya Mpemba, nje kidogo ya Tunduma, nyuma ya barabara kuu, nyumba ya matofali ya kuchoma isiyopigwa lipu. Alikuwa mstaafu wa jeshi, alipigana Uganda akiwa kijana, na watu wote walimwita kwa cheo chake. Mke wake alikuwa amepooza upande mmoja. Ili amtibu, Sajenti alikopa kwa Bosi, na kama wastaafu wengine wote waliokopa pale, aliacha dhamana ya aina moja: kadi yake ya benki na namba ya siri. Pensheni ikiingia, Bosi anatoa anachotaka, mwenye kadi anapewa kinachobaki. Ikitokea hakibaki kitu, anaambiwa mwezi ujao.

Sajenti alichoka. Alikwenda benki akasema kadi imepotea, akapewa mpya. Sisi tuliita kukata kadi, na katika kazi yetu hapakuwa na kosa kubwa kuliko hilo. Tulikwenda kuchukua ile mpya.

Tulikuwa watatu, saa nne asubuhi. Aliyetangulia alikuwa kuli mmoja wa zamani, mtu aliyekuwa akipakua malori mpakani kabla Bosi hajamchukua. Alishika nondo.

"Shikamoo mzee," kuli akasema. "Tumekuja kistaarabu."

"Marahaba. Kistaarabu mnakuja na nondo? Mnajenga?"

"Tunabomoa, mzee wangu. Kadi iko wapi?"

Sajenti alivua mkanda. Ulikuwa mkanda wa jeshi, wenye bamba la shaba, na aliuzungusha mara moja tu. Bamba lilimpata kuli kwenye sikio, likalichana kutoka juu mpaka chini. Halafu wale wawili wakamwangusha. Nilivuka pazia nikiwa bado nasikia visigino vyake vinapiga sakafu.

Mke wake alikuwa kitandani, amefunikwa blanketi la kijivu. Nikasema, "Shikamoo mama." Sijui kwa nini. Mdomo ulizoea.

"Marahaba, mwanangu," akasema, kwa upande wa mdomo uliokuwa mzima. "Unatafuta nini?"

Niliinua godoro yeye akiwa juu yake. Alibingirika mpaka ukutani, mwepesi kama gunia la maganda ya kahawa, na mkono wake uliokufa ukabaki umekunjwa chini ya mgongo. Kadi ilikuwa pale juu ya mbao za kitanda, ndani ya bahasha ya benki. Nikaichukua. Halafu, kwa kuwa ndiyo ilikuwa kawaida yetu, nikaliburuta na godoro lenyewe.

Sebuleni walikuwa wanataka namba. Kuli alikuwa ameshika sikio kwa mkono mmoja na nondo kwa mkono mwingine. Sajenti alimtukana mama yake. Nondo ilishuka kwenye mkono wa kulia, chini kidogo ya kiwiko, na mlio wake ulikuwa kama wa mtu anayevunja kuni kavu za mti wa kahawa kwenye goti. Hakutaja namba. Nondo ikapanda tena.

Aliyetaja ni mke wake. Kutoka nyuma ya pazia, akiwa juu ya mbao tupu, alipiga kelele tarakimu nne, moja moja, ulimi ukiwa mzito. Akazirudia ili tusikosee. Mimi ndiye niliyeziandika kwenye bahasha.

Sikuzaliwa nikifanya hivyo. Baba yangu alikuwa koplo. Alistaafu akarudi Tunduma na begi moja, buti mbili na hasira ambayo hatukujua ilitoka wapi. Alilala na buti. Akisikia lori linapiga breki usiku aliamka akitupiga, mama kwanza, halafu mimi kwa kuwa ndiye mkubwa, na asubuhi hakumbuki. Mama alikuwa akimpeleka Mbeya, hospitali ambako walisema askari wanatibiwa, wakifika wanaambiwa faili halipo. Mama alipofariki nilikuwa kidato cha pili. Niliacha shule wiki ileile, kwa sababu mdogo wetu wa mwisho alikuwa na miaka miwili na baba hakuweza kumfunga nepi.

Baba alikopa anunue mahindi Momba avushe Nakonde, upande wa Zambia. Mpaka ukafungwa kwa mahindi, yakaliwa na wadudu. Kadi yake ikabaki kwa Bosi. Mwaka uliofuata, asubuhi moja, kwenye foleni ya malori, alisimama katikati ya barabara akimwamuru dereva azime gari. Dereva hakumwona. Tairi la nyuma ndilo lililomaliza.

Tulimzika Iyula, kwa babu, pembeni ya mikahawa ya shambani kwake. Bosi alikuja msibani na mfuko wa sukari na blanketi. Alinivuta pembeni, akanishika bega kama baba mdogo.

"Binti, pole sana. Sasa nisikilize. Usiwe na haraka na cheti cha kifo. Serikali haijui kama baba yako amekufa mpaka wewe uiambie. Acha hela iendelee kuingia, deni lipungue, na mimi nitawakatia ya unga na ada. Wewe utakuja kufanya kazi kwangu. Au unataka wadogo zako waende kwa nani?"

Nilikuwa na madongo ya kaburi bado kwenye kucha. Nilisema sawa.

Hivyo kila mwisho wa mwezi nilisimama kwenye ATM na kopo la maziwa ya unga kwapani. Ndani yake kulikuwa na kadi za wazee, kila moja imebandikwa karatasi yenye namba. Nilianza asubuhi mashine ikiwa imejazwa, na foleni nyuma yangu ilirefuka mpaka kwenye vibanda vya kubadilishia kwacha.

"We dada, umeolewa na hiyo mashine?"

"Mwacheni, wajomba zake wote wamekufa siku moja."

"Iwe, mwandi!" dereva mmoja Mzambia alipiga kelele. "Hiyo benki ni ya kwenu?"

Nilizoea. Nilichukua kadi, nikabonyeza, nikahesabu, nikafunga kwa mpira, nikachukua nyingine. Kadi ya baba niliiacha ya mwisho. Namba yake ilikuwa mwaka aliozaliwa mdogo wetu wa mwisho. Kila mwezi nilibonyeza mwaka ule, na mashine iliniambia subiri, kisha ikanipa hela za mtu aliyekuwa chini ya mikahawa.

Sasa mheshimiwa. Alikuwa mbunge wetu, mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya mwalimu wa zamu. Tulimsikia zaidi redioni kuliko tulivyomwona. Bungeni alisimamia mambo mawili tu, mwaka nenda mwaka rudi: wakopeshaji wa kausha damu, na askari wastaafu. Kila aliposimama kuuliza swali la nyongeza ungesikia wenzake wanacheka kabla hajaanza. Walimwita mheshimiwa wa kadi na mabuti. Bosi alikuwa akiongeza sauti ya redio ofisini ili tucheke pamoja. "Huyo mama," alisema, "atazeeka anapiga kelele. Mimi ninazo kadi, yeye anayo maiki."

Alipotangaza mkutano Mpemba, uwanja wa shule ya msingi, Bosi alinituma nikasikilize nani atasema nini. Ilikuwa Jumamosi, siku tano baada ya kwa Sajenti. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeshatoa hela na kurudisha kopo ofisini. Hilo ndilo lililoniokoa.

Mheshimiwa hakuanza kwa salamu za chama. Alisema, "Wastaafu wa jeshi mliopo hapa, naomba msimame."

Wakasimama. Walikuwa wengi kuliko nilivyofikiri, wazee na wasiozeeka sana, wengine na fimbo, mmoja na koti la kombati lililofifia mpaka kuwa jeupe.

"Asanteni. Nyoosheni juu kadi zenu za benki."

Watu wakacheka, wakidhani ni mzaha. Mikono miwili ikapanda na kadi. Wengine wote walibaki wamesimama, mikono chini, kama watoto ambao hawakufanya kazi ya nyumbani. Kicheko kikaisha chenyewe.

"Hizo nyingine ziko wapi?"

Mheshimiwa alisubiri, kipaza sauti kikikoroma.

Sajenti alikuwa mstari wa mbele, mkono wa kulia umefungwa kwenye kitenge cha mke wake. Aligeuka polepole, akatafuta kwenye umati, akaninyooshea mkono wa kushoto.

"Yangu anayo yule binti pale. Aliichukua chini ya mke wangu."

Sikukimbia. Nadhani sikuamini. Pigo la kwanza lilitoka kwa mwanamke aliyesimama karibu yangu, ambaye tulikuwa tumesalimiana muda mfupi kabla. Alinipiga na kiatu usoni, kwa kisigino. Halafu wakawa wengi. Walinichania blauzi wakitafuta kadi, wakanipekua mpaka kwenye nguo za ndani, na wangezikuta nisingekuwa hapa kuandika. Jino la mbele lilitoka nikalimeza. Mtu alisema, "Leteni tairi." Sauti ilikuwa ya mtu mzima kabisa, ya utulivu, kama anayeagiza chai.

Kisha kitu kizito kikaniangukia. Kilinukia sabuni na jasho. Ni mheshimiwa, alikuwa ameruka kutoka kwenye meza na kunilalia. Jiwe lililokuwa langu lilimpata yeye, juu ya jicho, na damu yake ikanidondokea masikioni.

"Mkimuua huyu," alipiga kelele bila kipaza sauti, "kadi zenu atawaonyesha nani? Mimi?"

Walisita. Walipoona damu ya mbunge waliogopa, na polisi wawili waliokuwa wamejificha nyuma ya gari wakapata ujasiri.

Alinipeleka zahanati kwa gari lake. Alikuwa amejifunga kipaji cha uso kwa mtandio, na hakuwa mpole.

"Nani alikufundisha kushika kadi za wazee?"

"Baba yangu alikuwa mwanajeshi, mheshimiwa."

"Sikukuuliza hilo. Yuko wapi huyo baba?"

Nilitazama dirishani. Malori yalikuwa yamesimama mstari mmoja kutoka Mpemba mpaka mpakani, madereva wakipika ugali chini ya matela.

"Yupo," nikasema.

Sijui kama alijua.

"Jumamosi ijayo narudi pale pale," akasema. "Miaka yote hii naenda Dodoma na maneno. Nasimama, wanacheka, nakaa. Waziri ananijibu kwamba hakuna ushahidi, wazee wanatoa kadi kwa hiari yao. Nikiwa na kadi zenyewe mkononi, na mtu aliyekuwa akizitumia, atanijibu nini?"

"Nitafungwa?"

"Inawezekana. Sikudanganyi." Akafuta damu iliyokuwa inaingia jichoni. "Baba yangu mimi alirudi na mguu mmoja. Shamba letu lilichukuliwa na mtu aliyemkopesha hela ya ule wa bandia. Basi, shuka, tumefika."

Bosi alikuja kunijulia hali Jumatatu. Alileta machungwa. Mdogo wangu anayenifuata, wakati huo kidato cha tatu, alikuwa anapika maharage kwenye jiko la mkaa pale mlangoni, na yule mdogo kabisa alikuwa shule. Bosi alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akanimenyea chungwa.

"Nasikia mama amekualika Jumamosi."

Nilimumunya kipande cha chungwa. Taya lilikuwa limevimba.

"Nenda ukipenda. Ila fikiria vizuri. Mimi ni mfanyabiashara, nina leseni, wazee walitia saini. Wewe ndiye uliyetoa pensheni ya marehemu. Miezi kumi na minne, na kamera ya benki ina sura yako kila mwezi. Mwizi wa Hazina ni wewe, binti. Mimi nitasema sikujua kama koplo amekufa. Nilikuwa msibani? Nani aliniona? Babu yako haoni."

Alisema hayo yote kwa upole. Halafu akanyoosha mkono, akamshika mdogo wangu kifundo cha mkono, akaifunua sufuria, na akakibandika kiganja chake kwenye ubavu wa sufuria ile inayochemka. Akakishikilia hapo. Mdogo wangu alilia kilio ambacho nilikuwa nimekisikia mara moja tu, barabarani, na kilikuwa changu. Nilimrukia Bosi, akanipiga teke la tumbo nikaanguka juu ya machungwa.

"Huyu anaandika kwa mkono gani?" aliuliza, akiinuka. "Wa kulia? Pole."

Nilimwekea mkono kwenye beseni la maji. Ngozi ilikuwa imeanza kupanda kama mkate. Kisha akauliza bila kunitazama:

"Dada, baba amekufa au hajafa?"

"Swali gani hilo? Ulimwaga udongo wewe mwenyewe."

"Mimi najua. Lakini shuleni kila muhula tunajaza fomu. Wanauliza, baba yuko hai? Naandika yuko hai, kwa sababu ulisema niandike. Wenzangu yatima wanapewa daftari na sare. Mwalimu ananiuliza, baba yako mbona haji kwenye kikao? Nasema amesafiri." Alitoa mkono kwenye maji, akaurudisha. "Sasa siwezi kuandika hata hilo."

"Nikisema, wanaweza kunifunga. Mtakaa na nani?"

"Nilikuwa na miaka kumi na moja ulipotushika. Sasa nina kumi na saba. Wewe ulikuwa na mingapi?"

Nilikuwa na kumi na sita.

Jumamosi nilikwenda ofisini mapema kama kawaida, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nafungua. Ilikuwa chumba cha nyuma cha duka la mabati. Kopo lilikuwa kwenye droo ya chini. Nililitikisa; zilikuwepo. Nilipogeuka, kuli alikuwa mlangoni, sikio limefungwa bandeji chafu.

"Unalipeleka wapi? Leo siyo mwisho wa mwezi."

"Bosi ameniagiza."

"Bosi yuko Nakonde tangu jana. Weka chini, dada. Usinifanye nikupige, umeshapigwa vya kutosha."

Nadhani alimaanisha. Mkononi nilikuwa na kufuli la mlango, kubwa, la chuma. Nilimpiga nalo kwenye sikio lile lile. Alipiga magoti, na mimi nikapita juu yake.

Nilikimbia katikati ya malori. Nilisikia buti zake nyuma. Pale barabara kuu nilipita mbele ya basi, dereva akapiga honi na kunitukana ukoo mzima, na kuli akacheleweshwa na basi hilo, lakini alinipata kwenye uzio wa shule. Nondo ilishuka mbavuni. Nilianguka nikiwa nimelikumbatia kopo kama mtoto, nikajikunja. Ya pili ilinipata mgongoni. Nilijua ya tatu itakuwa kichwani, maana nilikuwa nimemwona akifanya kazi.

Ya tatu haikuja. Wale wazee walikuwa wamekuja. Hawakukimbia, hawakupiga kelele. Walikuja mstari mmoja kama walivyofundishwa zamani, wenye fimbo mbele, wakamzunguka, wakaanza. Sikuwahi kuona kipigo cha namna hiyo, cha kimya na chenye zamu. Kuli alimwita mama yake. Niliona fimbo inavunjika na mwenye fimbo anaangalia kipande kilichobaki, kisha anaendelea nacho. Kila mmoja alipiga kwa ajili ya nyumba yake, na nyumba nyingi kati ya hizo nilizijua chumbani.

"Inatosha!" kipaza sauti kilisema. "Wazee wangu, inatosha! Mkimuua nitawatetea vipi?"

Waliacha. Kuli alibaki hai. Mguu mmoja anauburuta mpaka leo, namwona sokoni.

Nilipeleka kopo mpaka mezani kwa mheshimiwa, nikilifuta damu kwa kanga. Alikuwa na plasta juu ya jicho. Alilimimina. Kadi zilitawanyika juu ya kitambaa cha meza, za rangi tofauti, kila moja na karatasi yake. Alianza kusoma majina. Kila aliyeitwa alikuja, akachukua, akaangalia pande zote mbili kana kwamba ingekuwa imebadilika. Mwanamke mmoja alimchukulia mumewe aliyekuwa hoi. Mzee wa koti la kombati alibusu ya kwake.

Sajenti alipoitwa alikuja mbele yangu kwanza. Alinipiga kofi kwa mkono wa kushoto, mkono ambao hakuuzoea, na bado nilisikia mlio ndani ya kichwa kwa siku mbili. Kisha akachukua kadi.

Ikabaki moja. Mheshimiwa akasoma jina. Akasoma tena.

"Huyu ni nani wenu? Koplo yuko wapi?"

Ningeweza kunyamaza. Ingebaki pale mezani, kadi ya mtu ambaye hakuja mkutanoni. Nilimwona mdogo wangu amesimama chini ya mlingoti wa bendera, mkono umefungwa, amemshika yule mdogo kwa mkono wa kushoto. Nilimwomba mheshimiwa kipaza sauti, kwa sababu sikutaka kurudia.

"Ni baba yangu. Amekufa. Amezikwa Iyula, pembeni ya mikahawa. Mimi ndiye niliyekuwa namtolea hela."

"Tangu lini?"

Nikasema tangu lini. Nikasema na nani aliniambia nisichukue cheti, na sukari aliyoleta msibani. Polisi walewale wawili walinichukua hapohapo. Mheshimiwa hakuwazuia. Alimwambia mkubwa wao, kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Nitakuja kumhesabu mbavu jioni. Zilizovunjika ni mbili. Nisikute tatu."

Nililala rumande, nikafikishwa mahakamani, nikakiri. Mheshimiwa alikuja na wakili, lakini hakusema kwamba sina kosa, na wakili naye hakusema. Hakimu aliamuru nirudishe kidogokidogo. Bado narudisha; napakia magunia ya mahindi Ruanda, ile ya Mbozi, na mbavu zinaniambia hali ya hewa kabla haijabadilika. Mdogo wangu ndiye aliyekwenda kuchukua cheti cha kifo, akaleta nyumbani, akakibandika ukutani kwa gundi ya unga. Alijifunza kuandika kwa kushoto.

Bungeni nilimsikia kupitia redio ya jirani. Wenzake walicheka aliposimama, kama kawaida. Alisema, "Mheshimiwa Spika, naomba kuweka mezani," na ukasikika mlio mdogo, tak, tak, tak. Zilikuwa kadi za zamani, zile zilizokatwa, ambazo wazee walimwachia baada ya kupewa mpya. Aliendelea kuziweka moja moja bila kusema neno mpaka kicheko kikaisha. Kisha akaomba mambo matatu: kushika kadi ya mtu liwe kosa la jinai, majina ya wakopeshaji wenye kibali yabandikwe kila ofisi ya kata, na askari wastaafu wapate dawati lao hospitali ya wilaya wasipande tena basi mpaka Mbeya kutafuta faili. Majina yamebandikwa, mvua imeyafuta mengine. Dawati lipo, ni meza moja na muuguzi siku mbili kwa wiki. Hilo la kwanza bado analidai. Bosi alirudi kutoka Nakonde, kesi yake inapigwa tarehe.

Mwezi uliopita nilikuwa napita ATM na gunia begani nikasikia mtu ananiita.

"Wewe! Njoo hapa."

Sajenti. Mkono wa kulia haukuunga vizuri, unaning'inia kama wa mkewe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Weka gunia chini. Mashine hii inanimezea muda, vidole vya kushoto havielewi. Wewe unaijua."

"Naijua."

"Si ndiyo maana nimekuita? Ingiza kadi."

Nikaingiza. Nikabonyeza lugha, nikasubiri ile sehemu ya namba itokee. Watu nyuma yetu walikuwa wameanza kuguna. Mmoja alinitambua, nikasikia akimnong'oneza mwenzake.

"Mama anaendeleaje?" nikauliza.

"Anasema godoro ulilirudisha limegeuzwa, upande wa miguu umekuja kichwani." Alisogea karibu na mashine, akaniziba kwa bega lake zima. "Sasa geuka."

"Mzee?"

"Geuka huko. Naandika namba."

Niligeuka, nikatazama malori. Nyuma yangu nilisikia kidole kinabonyeza, polepole, mara nne.